Mlango wa Abiria

4 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza daftari hili. Ni la kazini. Panya wamelitafuna pembe, bosi akaniambia nikawashie moto. Badala yake nitaandika humo, maana nikiendelea kukaa na maneno haya kifuani nitapasuka.

Niandike kwanza kiapo changu, nisije nikajisahaulisha. Mume wangu ni dereva wa lori. Kila mtu anamwita Dereva, na mimi pia, tangu tukiwa wachumba. Tangu ajali, sasa ni zaidi ya miezi minne, hajashika usukani. Anashika pedi ya gemu. Anaamka, anapiga mswaki, anakaa kwenye kochi mbele ya TV, anaendesha gari ambalo halipo kwenye barabara ambayo haipo. Pikapu yetu iko uani, imeanza kuota majani chini ya tairi. Nimeapa hivi: mvua hizi zikiisha na yeye hajaendesha gari la kweli, mimi naondoka, naenda kwa dada yangu.

5 Machi, Jumanne

Mvua. Ameendesha.

9 Machi, Jumamosi

Leo sikwenda kazini, nikautazama mchezo wenyewe tangu mwanzo ili nijue ninachochukia.

Kuna gari la zamani la familia, lenye buti refu, rangi ya njano. Unaishi peke yako kwenye gereji. Nje kuna msitu ambao watu wote wameukimbia. Unaingia na gari lako, unasimama kwenye nyumba zilizoachwa, unaokota vyuma, vioo, nyaya na matairi, unajaza buti. Halafu dhoruba inaanza kukufuata, na ni lazima urudi gereji kabla haijakufikia. Ukichelewa, ulichookota chote kinapotea. Ukiwahi, unatengeneza gari: bampa la chuma badala ya bati, taa kali zaidi, injini yenye nguvu. Kila kitu kinaharibika kivyake, hadi mlango mmoja mmoja. Ukishuka ukasahau kufunga mlango, unabaki wazi. Aliyeutunga hajawahi kushinda gereji, angejua kwamba hiyo si starehe.

Mashine ya gemu ni ya marehemu shemeji, kaka yake Dereva. Alikuwa anaishi chumba chetu cha nyuma, na ingawa ni mkubwa alifanya kazi chini ya mdogo wake kwenye lori, kupakia na kushusha mizigo. Ile njano aliichagua yeye. Dereva hakuanza mchezo upya, ameendelea pale kaka yake alipoishia.

Mama mkwe anakaa naye kochi moja, anashona vifungo. Leo kamuuliza, "Umefika wapi, mwanangu?"

"Bado, Mama."

"Mbona huko hakuna hata mtu wa kumuuliza njia?"

"Walihama wote."

"Basi na wewe hama, uje ule."

Nilicheka jikoni, mkono mdomoni. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka.

13 Machi, Jumatano

Msimu wa mvua ni msimu wa waipa. Duka letu la vipuri limejaa watu walioendesha mwaka mzima na raba zilizokufa, leo ndiyo wamegundua hawaoni mbele. Nimeuza hadi kabati likabaki tupu.

Bosi kanisifu tena mbele ya mteja kwa ile desturi niliyoianzisha mimi. Mtu akiomba awekewe kipuri, tunakibandika selotepu yenye jina lake na kukitia droo ya chini. Akija mwingine mwenye haraka kubwa tukamuuzia yeye, ile selotepu hatuitupi. Tunaibandika chini ya ukingo wa kaunta, upande wetu, ili tukumbuke kuagiza kingine kabla mwenyewe hajaja. "Huyu ana kichwa," bosi alisema. Kichwa ninacho kweli. Nyumbani ndiko hakuna anayekihitaji.

14 Machi, Alhamisi

Mvua. Ameendesha.

21 Machi, Alhamisi

Tumegombana. Nilirudi nimelowa hadi kwenye soksi, mwavuli umegeuka nje ndani, na yeye pale pale. Nikasimama nyuma ya kochi natiririka maji kwenye sakafu yangu mwenyewe. Alikuwa ametoka msituni na buti lililojaa. Taa moja ya gari imekufa, injini inakohoa. Na chuma chote kile alichookota kutwa nzima akakimalizia kwenye mlango mmoja, wa abiria. Akautoa uliokuwepo, na ulikuwa mzima, akaweka wa chuma kizito. Akazunguka gari, akaufungua, akaufunga. Akaufungua, akaufunga.

"Taa huna," nikamwambia. "Injini inakufa. Huo mlango wa nini? Nani anapanda huko?"

Aligeuka akanitazama. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri amaliziwe sentensi yake. Sikuwa na la kumalizia.

"Hakuna," akasema, akarudi kwenye TV.

Hapo ndipo nikamwambia kiapo changu. Nilimwambia mbele ya mama yake, bila kupunguza neno: mvua ikiisha hujaendesha gari la watu wazima, mimi naenda kwa dada. Mama akaweka sindano chini. Dereva akasema, "Sawa." Hata hakusimamisha mchezo.

30 Machi, Jumamosi

Shangazi yao kaja na mvua yake. Amekaa sebuleni kwa saa tatu, kanywa chai birika zima, na kabla ya kuondoka kasema lile ambalo ukoo wote husema: "Mimi hadi leo siamini. Mke anauza vitasa, mlango wa mume umefungwa waya!"

Nimelisikia msibani, nimelisikia sokoni, nalisikia usingizini. Basi niiandike ajali, niachane nayo. Kitasa cha mlango wa abiria wa lori kilikuwa kimekufa. Dereva akaufunga kwa waya, kama madereva wote wanavyofanya, wakisema tutarekebisha tukirudi. Jumamosi ile shemeji alikuwa amelala, ameegemea mlango. Kwenye kona waya ukakatika. Lori halikupata hata mkwaruzo. Dereva aliendesha mita mia nzima kabla hajajua kwamba kiti kiko tupu.

Polisi walimuuliza, na mwenye lori akamuuliza: mkeo si yuko duka la vipuri, hukumwambia akuwekee kitasa? Akajibu, "Nilisahau kumwambia." Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake. Nilimchukia hapo hapo. Angefungua mdomo tu wakati wa chai, neno moja, ningemletea kitasa mfukoni mwangu. Leo shangazi alipolisema lile, Dereva aliangalia mikono yake. Mama naye aliangalia mikono ya Dereva. Mimi nikakusanya vikombe.

3 Aprili, Jumatano

Mvua. Ameendesha.

8 Aprili, Jumatatu

Mwenye lori kampigia simu. Hana kinyongo, anasema, barabara zikikauka tu anamtaka. Dereva akamjibu, "Nitaona."

Mimi nikaona bora nianze na kidogo. Maji yalikuwa yamefika nusu ya tairi za pikapu. Nikamwambia aisogeze tu hadi ukutani, hatua kumi. Akachukua funguo, na roho yangu ikaruka. Nikasimama dirishani na Mama.

Alifungua mlango wake, akaufunga. Akazunguka upande wa pili, akajaribu wa abiria, akaufungua, akaufunga. Kisha akasimama pale na mvua inampiga kichwani. Nilihesabu hadi mia mbili. Akarudi ndani, akatundika funguo kwenye msumari, akakaa na nguo zake mbichi, akawasha mashine.

"Ataumwa huyu," Mama akasema.

"Mwache aumwe," nikajibu.

16 Aprili, Jumanne

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye maji.

Mtaro wa nyuma ya duka ulijaa usiku, tumefungua asubuhi tukakuta maboksi yanaelea. Mimi na bosi tukavua viatu. Tukatoa bidhaa za chini, tukazoa maji kwa ndoo, mwisho ikabidi tuiinue kaunta yenyewe tuiegemeze ukutani, maana mbao zilikuwa zimeanza kuvimba. Ukingo wake ukatazama juu. Selotepu za miaka yote zilikuwa zimejipanga pale, nyingine zimekauka, nyingine zinaning'inia. Bosi akasema nizibandue nisafishe.

Nilikuwa nacheka. Nilikuwa namsomea kwa sauti. "Plagi nne, Mwalimu! Huyu alikuja akatutukana." "Mkanda wa feni, Kipara." "Kioo cha pembeni, yule mama wa teksi." Nikafika kwenye moja ndefu kidogo.

"Kitasa, mlango wa abiria. DEREVA."

Mwandiko wangu. Ile D yangu yenye mkia. Na tarehe chini yake, maana mimi ni mwenye mpangilio, ninaandika tarehe. Ilikuwa Alhamisi. Shemeji alikufa Jumamosi.

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ikaja yote, si polepole, yote kwa mara moja. Asubuhi ile Dereva alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, akaniambia bila kuinua kichwa, "Niwekee kitasa cha lori, nitapita kesho." Nikamwekea. Nikaandika, nikatia droo. Mchana akaja dereva mwingine wa lori, kachomekea shati, ananukia vizuri, ana haraka. Kitasa kilikuwa kimoja tu. Akaniita dada mrembo. Akasema duka zima lingelala bila mimi. Nikafungua droo nikampa. Nikabandua jina la mume wangu nikalibandika chini ya kaunta, ili nikumbuke, na nikamgeukia mteja aliyefuata.

Sikukumbuka. Hata baada ya kifo sikukumbuka. Alipowaambia polisi kwamba alisahau kuniomba, mimi nilifurahi. Ndivyo ilivyokuwa, niandike tu: nilifurahi, nikamwamini haraka kama mtu anayepokea chenji bila kuhesabu. Miezi mitano nimekula, nimelala na nimenuna juu ya uongo ule, na ulikuwa wangu.

Bosi aliniuliza, "Unaumwa?" Nikasema maji yameniingia sikioni.

17 Aprili, Jumatano

Mvua. Ameendesha. Sikuweza kupita nyuma ya kochi, nikazungukia nje kwenda jikoni.

18 Aprili, Alhamisi

Nimemuuliza bosi kama ile Ijumaa, kabla ya ajali, Dereva alipita dukani.

"Alipita," akasema. "Wewe ulikuwa umeenda kula. Akafungua droo mwenyewe, hakukiona. Nikamwambia mkeo amekiuza, kingine kinaingia Jumatatu. Akacheka. Akasema, 'Huyu mwanamke ataniua.' Akaomba kipande cha waya."

"Ukampa?"

"Nikampa." Akaanza kupanga maboksi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. "Nilidhani unajua. Nilidhani mmekubaliana nyumbani msiseme."

Basi na yeye miezi yote ananisifu mbele ya wateja, huku anajua. Nimemwona leo kwa mara ya kwanza: mtu mwoga mwenye kalamu sikioni. Tunafanana.

28 Aprili, Jumapili

Nilikaa kwenye kochi. Mama alikuwa amelala. Dereva akanisogezea mto, nikatamani anipige nao.

Alikuwa amepata kifaa alichokitafuta wiki nzima, buti limejaa, dhoruba iko nyuma inakuja nyekundu. Akagonga mti kwa ubavu, mlango wa abiria ukafunguka. Angeendelea tu angefika, geti la gereji lilikuwa linaonekana. Akasimama. Akashuka, akazunguka, akaufunga. Ukafunguka. Akaufunga tena. Dhoruba ikamkuta amesimama pale.

"Umepoteza vyote," nikasema.

"Ukigongwa haukamati vizuri," akanijibu, taratibu, kama anayemweleza mteja. "Hata uweke chuma gani. Shida ni kitasa."

Maneno yalifika kwenye meno yangu. Nikayameza, nikaenda kumwagilia maua, na nje mvua inanyesha.

2 Mei, Alhamisi

Mvua imepungua. Zamani nilikuwa nahesabu siku ili iishe. Sasa nikisikia bati limenyamaza, natoka nje kutafuta wingu.

6 Mei, Jumatatu

Manyunyu. Ameendesha.

11 Mei, Jumamosi

Jirani alikuja kuazima pasi. Mama akamweleza, na Dereva yupo pale pale anasikia, "Nilizaa wawili. Mmoja kafa kwa uvivu wa mwenzake kusema neno moja." Alisema bila hasira, kama anavyosema vitunguu vimeisha. Nikagundua kwamba anapokaa naye kochi moja kutwa nzima, si mapenzi. Anamlinda asije akasahau.

Nilikuwa nimeshika pasi. Nikampa jirani, nikamwambia aangalie waya wake, huwa unapata moto. Hayo ndiyo niliyoyasema.

14 Mei, Jumanne

Leo sikusikia tone. Mwenye lori kapiga simu tena: anamtaka Dereva Jumapili.

Nilichukua kitasa dukani, cha aina ile ile, nikakifunga kwenye gazeti. Nilifika nyumbani nikakiweka mezani mbele ya Dereva, karibu na pedi. Mama alikuwepo, sikumngoja atoke. Ningemngoja nisingesema tena.

Akafunua gazeti. Akakigeuza kwa kidole.

"Cha nani?"

"Chako. Uliniomba nikuwekee. Nilikuwekea, halafu nikamuuzia mtu mwingine."

Akaizima TV. Sikumbuki lini niliwahi kuiona imezimwa na yeye amekaa hapo.

"Nilijua," akasema.

"Bosi kaniambia. Kwa nini hukusema?"

"Nilimaanisha kusema, pale polisi. Nikageuka nikakuona kwenye benchi, unalia kuliko Mama. Nikasema, huyu hajakumbuka. Akikumbuka atasema mwenyewe, haraka ya nini. Na waya niliufunga mimi, ningeweza kungoja Jumatatu." Alikuwa anafungua na kufunga kile kitasa kwa kidole gumba. "Nikakungoja. Siku ile uliniuliza nani anapanda huko, nikadhani ndiyo umekumbuka. Nikakuangalia. Kumbe ulikuwa unanidhihaki tu."

"Ningekumbuka mapema..."

"Umekumbuka lini?"

Hapa ningeweza kudanganya. "Maji yalipoingia dukani."

Akahesabu. Nilimwona anahesabu. "Wiki nne," akasema. "Ile miezi mitano ulikuwa umesahau, mke wangu, mtu husahau. Hizi wiki nne je? Juzi Mama alipomwambia jirani, ulikuwa na pasi mkononi."

Nikaokota lile gazeti nikalikunja.

Nikamgeukia Mama. Nilidhani atanivamia, na nilitaka anivamie. Alisimama, akashika kochi, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mmenifanya nimchukie mtoto niliyebaki naye." Sijui alisema mmenifanya kwa sababu ya nani na nani. Akamwekea Dereva kiganja kichwani, kama vile anapima homa ya mtoto, na akakiacha hapo. Dereva akalia. Miezi sita sikuwa nimemwona akilia. Nikaenda chumbani, kwa kuwa hawakuwa wananihitaji.

17 Mei, Ijumaa

Jua kali. Dereva kang'oa majani chini ya tairi za pikapu, kabadilisha betri, kapaka mafuta bawaba za milango yote. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu yake anampa spana, anakosea namba, anacheka. Nilipeleka chai. Waliipokea vizuri, wakasema asante.

19 Mei, Jumapili

Ameondoka asubuhi. Anampeleka Mama kwao kwanza, kisha anakwenda kuchukua lori. Kile kitasa kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake.

Alimfungulia Mama mlango wa abiria. Akamketisha, akamfunga mkanda, akaufunga mlango. Akaufungua, akaufunga tena, akauvuta kwa mikono yote miwili. Mama akamwambia kupitia dirishani, "Umefunga, mwanangu, twende." Nilikuwa nimesimama kwenye baraza, na ile miezi yote nilikuwa nimemwomba aendeshe, na sasa nilitaka gari lisiwake. Likawaka mara moja.

"Utarudi lini?" nikauliza.

Alifikiri kweli. Hakusema ili kuniumiza, ningejua.

"Nitaona," akasema.

Alama ya maji bado iko uani pale pikapu ilipokuwa. Mashine ya gemu kaiacha, waya wake umezungushwa vizuri juu ya TV. Nimerudi mwanzo wa daftari hili nikasoma kiapo changu. Niliandika nitafanya nini asipoendesha. Akiendesha, sikuandika.

20 Mei, Jumatatu

Jua. Ameendesha. Nimeuza vitasa viwili, na kila kimoja nimempa aliyekiomba kwanza.